Swali la Pili Halikuulizwa

Takwimu zenyewe hazifichiki tena. Mwaka 2023 wakfu wa Open Society ulichapisha uchunguzi wa maoni uliofanywa katika nchi 30, watu zaidi ya 36,000 wakahojiwa. Miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 35, waliosema kwamba demokrasia ni bora kuliko utawala wa namna nyingine yoyote walikuwa asilimia 57 tu, ilhali wazee wa miaka 56 na zaidi walikuwa asilimia 71. Asilimia 42 ya vijana hao walisema kwamba utawala wa jeshi ni njia njema ya kuendesha nchi, na asilimia 35 waliridhia kiongozi shupavu asiyejali bunge wala uchaguzi. Mwaka 2024 wakafuata watafiti wa Afrobarometer na matokeo yao kutoka nchi 39 za bara letu: asilimia 53 ya watu wote wako tayari kuliona jeshi likitwaa serikali iwapo viongozi waliochaguliwa wanatumia mamlaka kwa faida yao wenyewe. Vijana ndio waliotangulia katika safu hiyo.

Habari hizi zimewafurahisha watu wa aina mbili. Kuna wakubwa walioshiba, ambao husema: mmeona, kizazi hiki hakitaki uhuru, kinataka kuchapwa, basi mtuachie mjeledi tulio nao. Na kuna wale wanaosambaza picha za Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso kwenye simu zao usiku na mchana, pamoja na video za uongo zilizotengenezwa kwa kompyuta, ambamo wanamuziki mashuhuri wa Marekani huimbishwa sifa zake bila wenyewe kujua. Makundi haya mawili hayapatani kwa jambo lolote ila hili moja, kwamba yote yameyasoma matokeo hayo kichwachini miguujuu.

Hebu tulitazame swali lenyewe. Watafiti wa Afrobarometer hawakuuliza, "Je, unapenda kutawaliwa na wanajeshi?" na kuishia hapo. Walipouliza hivyo, bila sharti lolote, thuluthi mbili ya watu walikataa. Asilimia 78 walikataa utawala wa chama kimoja, na asilimia 80 wakakataa utawala wa mtu mmoja. Ni watu wale wale, waliohojiwa na mtu yule yule, siku ile ile. Je, walikuwa wanajipinga? La hasha! Walipoulizwa kuhusu jeshi peke yake walilikataa. Walipoulizwa kuhusu jeshi na mwizi aliyechaguliwa, wengi wakamchukia mwizi kuliko wanavyoliogopa jeshi. Swali lenye "iwapo" limejibiwa kwa "iwapo". Kijana hakusema kwamba anaupenda mjeledi. Alisema kwamba mwizi akikosa mtu wa kumshika, hata askari na amshike.

Msiba ni kwamba askari haingii Ikulu na "iwapo" yoyote.

Nasi tujifunze kuzisoma hizi kura za maoni, maana zinakuja kwa wingi kadiri uchaguzi unavyokaribia. Sheria yetu ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha uchunguzi wa aina hiyo aeleze ni nani aliyeulipia, ni watu wangapi waliohojiwa, na kipimo cha makosa ni kiasi gani. Ni Wakenya wangapi wanaouliza hayo kabla ya kushangilia au kununa? Tena kuna jambo moja ambalo Afrobarometer wenyewe, kwa uaminifu wao, hawalifichi. Mwisho wa mahojiano humwuliza mhojiwa anadhani wao wametumwa na nani. Wengi hujibu: na serikali. Sasa mfikirie mtu anayeishi chini ya bunduki, naye anaamini kwamba mgeni mwenye karatasi mlangoni pake ametumwa na wenye bunduki. Atamsema vipi kapteni? Sisi tulioiona kura ya mlolongo ya mwaka 1988, mstari mfupi ukitangazwa kuushinda mstari mrefu mchana kweupe, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha kwamba watu wanaweza kuhesabiwa na bado wasisikike.

Lakini tusijifariji kwa makosa ya hesabu. Hata tukiipunguza kila asilimia, hasira iliyo chini yake haipungui. Na katika Kenya tunaijua chimbuko lake. Mnamo Juni 2024 vijana walitoka mitaani bila silaha, bila chama, bila mzee wa kabila, wakiipinga kodi ambayo wawakilishi wao waliipitisha huku wakiwasikia wakilia nje ya Bunge. Walipigwa risasi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliwahesabu waliokufa katika maandamano ya mwaka ule kuwa watu 60. Na hadi Desemba mwaka huo ilikuwa imewahesabu watu 82 waliotekwa nyara. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, miaka 35 tangu ile ya kwanza, tume hiyo hiyo ilihesabu maiti zisizopungua 31 kwa siku moja. Hayo hayakufanywa na utawala wa jeshi. Yalifanywa na serikali iliyopigiwa kura, mbele ya Bunge lililopigiwa kura. Mtu aliyemzika nduguye mwezi Julai akiulizwa kama anaridhika na demokrasia, tunatarajia ajibu nini?

Wasomaji wa Biblia wanaijua sura ya nane ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ila aghalabu huisoma kuanzia katikati. Hukumbuka wana wa Israeli wakidai mfalme, wakamlaumu mtu yule wa kale kwa upumbavu wake. Husahau kilichowasukuma wazee wa Israeli hadi Rama. Samweli alikuwa amezeeka, akawaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakazifuata fedha, wakala rushwa, wakaipotosha hukumu. Madai ya mfalme yalianzia hapo, katika nyumba ya nabii mwenyewe! Ndipo Samweli akawaonya: mfalme huyo atawatwaa wana wenu wakimbie mbele ya magari yake ya vita, atayatwaa mashamba yenu na kuwapa watumishi wake, nanyi mtalia msisikilizwe. Onyo lilikuwa la kweli, na malalamiko pia yalikuwa ya kweli. Anayehubiri onyo akaruka malalamiko anawatetea wana wa Samweli.

Kwa hiyo sisi wa umri mkubwa tusiwakaripie vijana kana kwamba udikteta ni ugonjwa walioanza kuugua wao. Mwaka 1992, vyama vingi vilipokuwa vimerudi kwa jasho na damu, ni akina nani waliozunguka nchi nzima wakimwaga fedha ili utawala wa Moi usiondoke? Ni vijana wa Youth for KANU '92, wakiongozwa na Cyrus Jirongo, na miongoni mwao William Ruto, ambaye leo ni Rais wa Jamhuri. Noti ya shilingi 500 ilipachikwa jina la Jirongo. Kijana kuutumikia ubabe si jambo geni katika nchi hii. Tofauti ni kwamba wale walilipwa, na hawa wa leo wanaushangilia bure, kwa uchungu wa moyo. Mwenye uchungu anaweza kusikia hoja. Basi na tuwape hoja badala ya matusi.

Hoja ya kwanza ni Burkina Faso yenyewe. Hatubezi kila alilolifanya Traoré. Kuwaondoa askari wa Ufaransa mwaka 2023 na kuitwalia nchi yake migodi ya dhahabu ni mambo ambayo Mwafrika yeyote mwenye heshima anaweza kuyaelewa, na shangwe alizozipata Accra mnamo Januari 2025, alipohudhuria kuapishwa kwa Rais Mahama, hazikununuliwa. Lakini alitwaa serikali mnamo Septemba 2022 akisema waliomtangulia wameshindwa kuwashinda magaidi, na uchaguzi ulikuwa umeahidiwa kufanyika mwaka 2024. Mwaka 2024 ulipofika, akaongezewa miaka mitano. Julai 2025 tume ya uchaguzi ikavunjwa, kazi yake ikakabidhiwa wizara. Na wanaomkosoa? Amri ya mwaka 2023 ya kuwaandikisha raia vitani iligeuzwa kuwa rungu: waandishi wa habari na wanaharakati waliitwa mstari wa mbele, na mwaka 2024 wakafuatwa hata mahakimu na waendesha mashtaka wasiopungua saba. Atawatwaa wana wenu wakimbie mbele ya magari yake! Mnamo tarehe 25 Februari 2024, kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, jeshi liliwaua wanakijiji 223 huko Nondin na Soro, watoto wasiopungua 56 wakiwamo. Wanakijiji hao hawakuwa vibaraka wa Ufaransa.

Jirani yake Mali alivivunja vyama vyote vya siasa mnamo Mei 2025, na miezi miwili baadaye Jenerali Goïta akapewa muhula wa miaka mitano unaoweza kuongezwa bila kura kupigwa. Inafaa kukumbuka kwamba Mali ni moja ya nchi ambazo Afrobarometer waliona imani ya watu katika demokrasia ikiporomoka kwa kasi kubwa kabisa. Waliojibu swali la kwanza kwa hasira wamejibiwa. Swali la pili hawawezi kuulizwa kwa uhuru tena.

Na kama Afrika Magharibi ni mbali, Kampala si mbali. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipompindua Obote, barabara zilijaa watu wakicheza, wakiyavika magari ya jeshi matawi. Laiti mtafiti angepita mjini juma lile na karatasi zake, angerudi na asilimia ambazo hakuna mwanasiasa wa Uganda aliyepata kuziota. Amin alikuwa ametoa orodha ndefu ya makosa ya Obote, na mengi yalikuwa ya kweli. Alisema yeye ni askari tu, si mwanasiasa, na uchaguzi utakuja. Miaka sita baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa kwa sababu aliandika barua ya kulalamikia mauaji. Baadhi ya waumini wake bila shaka walikuwa wamecheza barabarani siku ile.

Hata hapa kwetu, asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana kuwaunga mkono wanajeshi wa anga. Walikuwa na sababu: miezi miwili tu kabla ya hapo Bunge lilikuwa limeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Jioni mapinduzi yalikuwa yamezimwa. Chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka kumi, akafia gerezani mwaka 1988. Bunduki ile iliyotarajiwa kuwakomboa ndiyo iliyompa Moi kisingizio cha kuwakaba kwa miaka mingine mingi. Kilichofungua mlango hatimaye hakikuwa kifaru. Zilikuwa mimbari, mahakama, magazeti yaliyopigwa marufuku, na umati wa Kamukunji.

Makanisa nayo yasifanye haraka kunawa mikono. Kwa miaka mingi mwanasiasa mwenye gunia la fedha alikaribishwa madhabahuni, akapewa kipaza sauti, na kijana aliyeketi nyuma akaona. Mnamo Novemba 2024 maaskofu wa Kikatoliki walikemea utamaduni wa uongo serikalini, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akairudisha sadaka ya Rais iliyotolewa katika kanisa la Soweto. Ni jambo jema. Lilichelewa. Vijana wanangoja kuona kama ni msimamo au ni msimu.

Tunawataka basi wanaofanya uchunguzi wa maoni katika nchi hii, watakapowauliza tena vijana kama wanaridhia kiongozi wa mkono wa chuma, waongeze mstari mmoja chini yake: na akikuibia yeye pia, au akimchukua ndugu yako usiku, utamwondoaje? Wala tusiwangoje wao. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na kumbi za parokia hukaa tupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Kasisi au mchungaji atakayewafungulia vijana ukumbi wake asianze na mahubiri wala sala ndefu. Aanze na swali hilo, kisha aketi nyuma awasikilize.