Gita ya bei ndogo: usiitupe, ilaze kwenye magoti

Dhahabu ikitoka vizuri kule Salamabila, siku chache kiisha tunaona vitu vipya vinapita barabarani: pikipiki, simu, bafle, na mara ingine gita. Kijana ameibeba toka mbali, imefungwa na plastiki, inang'aa. Miezi miwili kiisha, gita ile ile imetundikwa ukutani, kordi mbili zimekatika, na mama wa nyumba anauliza: "Feza ya minerval ilienda wapi?" Ni swali la haki.

Sisi hatupingi gita. Katika inchi yetu machimbo na gita vilitembea pamoja tangu zamani. Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, muji wa migodi. Wimbo wake "Masanga" ulijulikana mbali sana. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba gita ni kazi ya bavoyou. Tunachopinga ni feza ya nyumba kuliwa na kitu ambacho kitanyamaza kiisha miezi miwili.

Kwa nini kinanyamaza? Gita nyingi za bei ndogo ziko na ugonjwa mmoja: kordi ziko juu mno, mbali na shingo. Mwenye kuanza anabonyeza kwa nguvu zote, vidole vinamuuma, na sauti inatoka yenye kupotoka. Sasa tazama mikono yetu. Mutu aliyeshika nyundo na burin ndani ya shimo miaka kumi, vidole vyake vimekuwa vigumu. Mwingine jiwe lilimvunja kidole, na mpaka leo hakijikunji. Anajaribu gita wiki moja, rafiki zake wanacheka: "Mikono yako ilishakufa, achana nayo." Neno hilo tunalikataa.

Iko namna ingine ya kupiga. Inatoka visiwa vya Hawaii. Inasimuliwa kwamba kijana wa shule, Joseph Kekuku, karibu na mwaka wa 1889, alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya kordi pahali pa kuzibonyeza na vidole. Gita inalala kwenye magoti, tumbo likitazama juu. Mkono wa kuume unachuna, mkono wa kushoto unashika chuma. Kordi hazibonyezwi, zinaguswa tu. Hapo kordi za juu si ugonjwa tena, ndizo zinazotakiwa.

Usifikiri ni mchezo wa maskini. Wamarekani waliupenda mpaka gita ya umeme ya kwanza kuuzwa madukani, mwaka wa 1932, ilikuwa ya kulaza magotini. Huko Nigeria, King Sunny Adé aliingiza sauti ya namna hiyo katika muziki wake wa juju.

Ile iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo hatuioni katika soko la Kasongo wala la Kabambare, na kuiagiza mbali ni kulipa njia kuliko gita yenyewe. Kwa hiyo tunasema: nunua gita ya kawaida, iliyotumiwa, ya bei ndogo, ile ambayo wapigaji wanaikataa.

Lakini fungua macho. Rangi isikudanganye. Kwanza, tazama kile kibao kinachoshika kordi juu ya tumbo. Kama kimeanza kunyanyuka, wacha. Pili, tazama pahali shingo inapoungana na tumbo, na pahali inapoungana na kichwa. Kama kuna ufa, wacha. Tatu, zungusha funguo zote sita. Kila moja ishike bila kurudi nyuma. Ine, uliza kama ni gita ya kordi za chuma. Ile ya nailoni ukiifunga kordi za chuma, kibao kitang'oka. Lakini shingo iliyopinda kidogo isikuogopeshe. Mwambie muuzaji: "Muzee, shingo imepinda, nipunguzie." Yeye anajua ni kweli.

Nyumbani, tafuta bulo ndogo yenye meno, nyembamba, ndefu kama upana wa shingo. Legeza kordi, iweke chini yake karibu na kichwa, kusudi zipande kama sentimeta moja. Meno ya bulo yatashika kila kordi pahali pake. Kwa chuma cha mkononi, uliza fundi wa pikipiki: ile aksi inayopita ndani ya pistoni, ikishatolewa, iko laini na nzito. Haifiki kordi zote sita mara moja? Anza na ine ao tano.

Kiisha geuza sauti. Gita ya kawaida, toka kordi nene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Shusha ile ya sita iwe re, ya tano iwe sol, ya kwanza iwe re. Sasa zote pamoja zinaimba sol, na chuma kikilala sawasawa kitatoa akordi nzima pahali popote. Tena hatukukaza kordi hata moja, tumelegeza tu. Huku kwetu kordi ikikatika, kupata ingine ni safari. Weka chuma juu kabisa ya ule mstari wa chuma wa shingo, si nyuma yake kama kidole. Sikio litakufundisha mengine.

Tunajua watu watasema gita ya namna hii haiwezi kupiga seben. Ni kweli, seben ya haraka ni ngumu. Lakini nyimbo za kanisani, nyimbo za matanga, zile za polepole ambazo mama zetu wanaimba, inazilia vizuri kama sauti ya mutu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wauzaji, semeni ukweli juu ya shingo na kibao. Mteja aliyedanganywa harudi. Na ninyi vijana wa mashimo, feza ikiingia, minerval itangulie. Kiisha mukuwe watatu ao wane, mufanye likelemba, gita moja iwatoshe wote, kila mmoja na siku yake. Mkiona miezi sita imepita na bado munapiga, hapo mufikirie ile inayong'aa.

Na yule mwenye kidole kilichovunjika, mumupe chuma ashike. Mikono yake haijakufa.