Kremayere ya usukani: kabla ya kuifungua wewe mwenyewe, fikiria miteremko yetu

Mjini Bukavu, si ajabu siku hizi kumuona mwenye taksi amelala chini ya gari lake kando ya barabara, kle mkononi. Tangu M23 ilipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, feza imekuwa ngumu. Mtu akiambiwa kwamba kremayere ya usukani imekufa, anajiuliza: kwa nini nimlipe fundi, ikiwa kazi yenyewe ni kufungua na kufunga buloni?

Swali hilo ni la haki, lakini mfuko peke yake hauwezi kulijibu. Dinamo ikikufa, gari linasimama. Usukani ukiachia kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, gari linaenda linapotaka.

Kuna sehemu ya kazi ambayo kila mwenye gari anapaswa kuifanya mwenyewe: kuhakikisha ugonjwa. Usukani unaocheza, au unaogonga kwenye mashimo, hauna maana kila mara kwamba kremayere imekwisha. Pengine ni rotile, au kile kiungo kinachounganisha nguzo ya usukani na kremayere. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kuume, mwingine atazame chini ni wapi panapocheza. Rotile ni bei ndogo kuliko kremayere nzima. Lakini mafuta yakijaa ndani ya mpira wa kremayere, ujue yenyewe ndiyo inavuja.

Piyese pia uifuate mwenyewe. Magari mengi yanatufikia kutoka Japani, usukani ukiwa kuume, na mengine yamehamishiwa usukani kushoto. Kremayere ya upande mmoja haiingii upande mwingine, na gari lililohamishwa huwezi kulinunulia piyese kwa jina la modeli tu. Ilinganishe na ya zamani kabla ya kutoa dola zako.

Kuibadilisha ni jambo lingine. Krike peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari. Usukani lazima ufungwe usizunguke, la sivyo waya wa mfuko wa hewa unakatika. Lazima uweke alama kwenye nguzo, uhesabu mizunguko ya rotile unapozitoa, utie pini mpya kwenye ekru, kisha utoe hewa yote kwenye mafuta. Na baada ya hayo yote, bado magurudumu yanahitaji kupimwa kwa chombo ili yatazame mbele sawasawa. Jicho halitoshi.

Kwa maoni yangu, asiyewahi kufanya kazi hii pamoja na mtu anayeijua asiianze peke yake. Na mwenye taksi azidi kujihadhari, kwa sababu abiria hawakukubali kuwa majaribio yake.

Wapo watakaosema kwamba hata fundi analala kando ya barabara ileile, bila shimo wala chombo cha kupimia. Kwa wengi ni kweli, na ndiyo maana kulipa tu hakutoshi. Kaa pale anapofanya kazi. Muulize buloni ya kiungo cha nguzo imekazwa vipi, pini za zamani ziko wapi, na vipimo vitafanyiwa wapi. Fundi mzuri hatakasirika.

Kisha, awe amefunga fundi au umefunga wewe, safari ya kwanza iwe pahali tambarare, polepole, bila abiria. Baada ya siku chache, kagua buloni zote tena. Barabara zetu nyingi hazina njia ya watembea kwa miguu. Mama mwenye mzigo mgongoni anayepanda Kadutu anapita sentimita chache tu kutoka kwenye gurudumu lako. Ukihesabu dola utakazookoa, umuhesabu na yeye.