Arthur Wint Alishika Mbili

Kila kiangazi, shule za hapa Uingereza zinapofanya mashindano ya riadha, mjadala uleule hurudi katika jumuiya yetu. Mtoto ana mbio, mwalimu anataka ajiunge na klabu, mzazi anakataa. Tumekuja huku watoto wasome, tunasema, na mshika mbili moja humponyoka. Kabla ya kukata shauri, tunawaomba wazazi wayatazame maisha ya Arthur Wint wa Jamaica.

Wint alizaliwa mwaka 1920, kisiwa chake kikiwa koloni la Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili alijiunga na Jeshi la Anga la Kifalme, akawa rubani. Mwaka 1947 akaanza kusomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka uliofuata Olimpiki ikamkuta papo hapo mjini, wiki chache tu baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya wahamiaji kutoka Karibiani. Uwanjani Wembley alipata fedha ya mita 800 nyuma ya Mmarekani Mal Whitfield. Siku tatu baadaye akashinda mita 400 kwa sekunde 46.2. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Jamaica katika Olimpiki.

Hakukosa machungu. Katika fainali ya kupokezana vijiti aliumia msuli, na Jamaica haikumaliza. Mwaka 1952 kule Helsinki, yeye na wenzake walewale, Les Laing, Herb McKenley na George Rhoden, walishinda mbio hizo kwa rekodi ya dunia ya dakika 3:03.9. Katika mita 800 Whitfield alimtangulia tena. Wint, akiwa na miaka 32, akachukua fedha nyingine.

Medali zake zote nne za Olimpiki alizipata akiwa mwanafunzi wa udaktari. Alihitimu mwaka 1953, akaacha mbio, na mwaka 1955 akarejea Jamaica. Huko hakutafuta sifa mjini Kingston; alikwenda Hanover, magharibi mwa kisiwa, akawa daktari pekee aliyeishi katika wilaya hiyo. Kuanzia 1974 hadi 1978 alirudi London akiwa balozi wa nchi yake.

Si kila mtoto wetu atafika Olimpiki, wala hilo silo tunalolidai. Tunachosema ni kwamba uwanja haukumnyima Wint kitabu, na kitabu ndicho kilichowafaa wagonjwa wa Hanover miguu yake ilipokwisha kuchoka.

Basi wazazi, mruhusuni mtoto aende mazoezini, na akirudi msimamieni akae na daftari lake. Mwenye gari na ampakie mtoto wa jirani anayefanya kazi za usiku. Na walimu, wauguzi na wahandisi tulio nao humu, jitoleeni kuwafundisha vijana hawa mwisho wa juma. Mtoto hawezi kushika mbili peke yake. Anahitaji watu wazima wa kumshikia.