Tairi Lifunguliwe Nyumbani

Ndugu wakulima wa Thika na Ruiru, kahawa mbivu iliyochumwa leo yapasa imenywe leo hii kiwandani. Ikilala guniani huanza kuchacha na bei yake hushuka. Je, yafaa ingoje njiani kwa sababu ya pancha ya mkokoteni wa punda?

Naona afadhali majirani wanne au watano wachange fedha, wanunue chombo cha mkono cha kufungulia tairi. Ni chuma chenye miguu na mtaimbo mrefu, basi. Hakitaki umeme wala mafuta. Kifungeni kwa boliti katika sakafu ya saruji, maana kikicheza hakina kazi.

Kwanza toeni upepo wote. Bonyezeni ukingo wa tairi hata uachane na rimu, pakeni maji ya sabuni, kisha uinueni kidogo kidogo kwa mtaimbo. Mwenye haraka hutoboa tyubu. Mimi nimetoboa mbili. Kabla ya kurudisha tyubu, papaseni ndani ya tairi polepole, huenda mwiba bado umo.

Lakini rimu ya lori yenye pete ya chuma msiiguse. Pete hiyo yaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, ikaua mtu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kizimba cha chuma.