Difu ya Mchangani Si ya Lami

Ukitaka kununua pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea maji huko Sericho, usivutiwe na rangi wala redio. Uliza habari za difu. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, na injini ni ileile ndogo ya pikipiki, ambayo haina nguvu mpaka izunguke kwa kasi.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya meno ya gia kubwa iliyo ndani ya difu kwa meno ya ile ndogo. Meno 36 kwa 9 ni 4. Meno 40 kwa 8 ni 5. Ukitoka 4 kwenda 5, nguvu ya kuvuta huongezeka kwa robo, nao mwendo hupungua kwa sehemu moja ya tano.

Kwenye lami ya Isiolo mjini, ya 4 yatosha. Mchangani chagua ya 5, la sivyo klachi itanuka kuungua kila safari. Tena usibandike tairi kubwa zaidi, maana zitakula faida yote hiyo.

Mama anayengoja nyumbani haulizi ulikimbia kiasi gani. Anauliza kama maji yamefika.