Mguu Unavimba, Madaktari Mmenyamaza

Mwaka 1948, Jean Kunlin alichukua veni ya mgonjwa wake mjini Paris akaifanya njia mpya ya damu mguuni, kuuruka mshipa ulioziba. Madaktari wa mishipa wamerithi upasuaji ule pamoja na jambo wanalolifahamu fika: baada yake, mguu mara nyingi huvimba. Wanalifahamu wao. Mgonjwa hugundua mwenyewe, akiwa nyumbani.

Anaruhusiwa na karatasi yenye majina ya vidonge na tarehe ya kliniki. Basi. Mara kiatu hakiingii, na ukibonyeza juu ya kifundo kidole kinaacha shimo. Shangazi anachemsha maji ya kukanda, na mguu wenye ganzi hausemi unapoungua. Jirani anafunga bandeji kwa nguvu zote, kumbe mshipa mpya unaweza kuwa umepita chini tu ya ngozi. Kijana anatumwa duka la dawa akanunue vidonge vya kukojoza, ambavyo haviungi njia za limfu zilizokatwa.

Msiwacheke. Nani aliwaeleza?

Maelezo yenyewe ni mafupi. Damu iliyokuwa ikipita kwa shida sasa inaingia kwa kasi. Njia za limfu zinazorudisha maji zimejeruhiwa kinenani na karibu na goti. Veni imeondolewa kwenye kazi yake. Maji yanabaki. Kwa wengi uvimbe hupungua kwa wiki kadhaa, hata miezi. Akikaa, aunyanyue mguu. Atembee kidogo kidogo. Soksi za kubana asivae bila idhini ya aliyempasua.

Asiyeambiwa uvimbe wa kawaida ataujuaje wa hatari? Mguu ukipoa ghafla, ukapauka au kufa ganzi, huenda njia mpya imeziba. Uvimbe ukiongezeka ghafla na shavu la mguu likauma, huenda damu imeganda. Homa, usaha, ngozi kuwa moto: kidonda kimeingia vijidudu. Kifua kikibana na pumzi kukatika, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Msinitajie foleni. Aliyesimama saa nyingi akishona mshipa hakosi dakika tano za kusema. Kila hospitali inayofanya upasuaji huu iandike nusu ukurasa kwa Kiswahili, muuguzi ausome mbele ya mgonjwa na anayemuuguza, ndipo aruhusiwe. Chini iwekwe namba ya simu, na awepo mtu wa kuipokea saa nane za usiku.