*MAONI YA KATIBU WA TAWI: NGITILI BILA MCHUNGAJI NI SHAMBA LA MTU MWINGINE*



Jumamosi tuna kikao cha Tawi. Ajenda ya tatu ni ngitili ya kijiji: wapo wanaopendekeza igawanywe mashamba ya pamba, wapo wanaotaka ibaki. Msimamo wetu utapelekwa Serikali ya Kijiji kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye uamuzi. Naweka maoni yangu hapa mapema ili anayenipinga ajiandae.

Wanaotaka kugawa wana hoja. Wanasema ngitili siku hizi haitusaidii, Septemba inakuwa vumbi tupu. Ni kweli. Lakini tujiulize imekuwaje, maana eneo ni lile lile.

Miaka ya 1980 mkoa wetu wa Shinyanga uliitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, na wazee wetu wakarudisha utaratibu wao wa asili: kufunga eneo mvua zinapoanza, kulifungua Julai au Agosti majani yakiisha kwingine. Wakati huo ngitili zilizojulikana hazikufika hekta 1,000. Mradi unafungwa mwaka 2004, zilishavuka hekta 300,000. Haikuwa miti ya kupanda peke yake. Ilikuwa watu waliojua lini mifugo iingie na lini itoke.

Watu hao sasa ni wazee. Watoto wetu wako shule, na ndipo wanapotakiwa kuwa. Vijana wako kwenye bodaboda na machimboni. Ng'ombe tumewaachia wageni tunaowaokota mnadani, hata mpaka wa ngitili hatuwaonyeshi.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kijana niliyemwajiri aliingiza ng'ombe kwenye ngitili mwezi Machi, majani hayajatoa mbegu. Hakuwa mkorofi, hakuna aliyemwambia, nikiwemo mimi. Oktoba niliuza ng'ombe wawili kwa laki tatu na nusu kila mmoja, ambao Mei ningewauza laki saba kila mmoja. Hasara laki saba. Mshahara wake wa mwaka mzima ni laki saba na ishirini. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hiyo iliniumiza.

Kuna mjumbe aliniambia, "Katibu, kuchunga hakusomewi." Namjibu kwa heshima: babu zetu walisomea. Walikaa miaka kumi nyuma ya ng'ombe wakiwa na baba na wajomba. Shule hiyo imefungwa na hatujafungua nyingine.

Kwa hiyo napendekeza Tawi liiombe Serikali ya Kijiji mambo manne:

*1.* Ngitili isigawanywe. Mipaka yake iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyoturuhusu.

*2.* Wazee wanne wafundishe vijana kumi, wenye miaka 18 na zaidi, mwaka mzima, masika hadi kiangazi. Wajifunze kusoma majani, kupumzisha eneo na kujua idadi ya ng'ombe inayotosha.

*3.* Afisa mifugo wa kata awafundishe josho, kupe na dalili za ndigana.

*4.* Anayehitimu aajiriwe kwa mkataba wa maandishi. Wakiunda kikundi, waombe mkopo wa halmashauri kwenye asilimia 4 ya vijana.

Gharama ipo. Wazee wapewe posho, na vijana watahitaji chakula. Napendekeza kila mwenye ng'ombe achangie shilingi 1,000 kwa kila kichwa kwa mwaka. Mimi nina ng'ombe kumi na wanane, nitaanza na 18,000 zangu Jumamosi, na risiti itakatwa.

Vijana wanaotaka ardhi ya pamba wana haki ya kusikilizwa, na tutafute eneo. Lakini ngitili ikishalimwa, hairudi kwa azimio la kikao. Wazee wetu wanajua ilichukua miaka mingapi.

Wazee wanne ninaowafikiria bado wanatembea. Tusisubiri tuwazike ndipo tuulize.

Kikao saa 4 asubuhi, ofisi ya Tawi. Tufike kwa wakati.

Katibu wa Tawi